Vittorio Sella, Mpiga Picha wa Milima ya Barafu

Kila msafiri anayefunga mizigo yake hujiuliza achukue kamera ipi na aiache ipi nyumbani. Swali hilo ni la zamani, na miongoni mwa waliolijibu kwa jasho ni Vittorio Sella, Mwitalia aliyefariki dunia mwaka 1943. Tumeona inafaa kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, kwa kuwa kazi aliyoifanya mwaka 1906 katika milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ina manufaa hadi hivi leo.

Sella alizaliwa mwezi Agosti 1859 mjini Biella, chini ya milima ya Alps, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa mwenye kiwanda cha nguo za sufu, na mwaka 1856 alikwisha kutoa kitabu cha kufundisha upigaji picha kwa lugha ya Kiitalia. Amu yake, Quintino Sella, aliyepata kuwa waziri wa fedha, alikianzisha chama cha wapanda milima cha Italia mwaka 1863. Hivyo kijana huyo alirithi kamera kwa baba na mlima kwa amu.

Alipoanza kazi, picha zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa papo hapo. Kioo kilitumika kingali kimaji na kusafishwa kabla hakijakauka, kwa hiyo mpiga picha alilazimika kupanda mlima pamoja na hema lake la giza. Vilipopatikana vioo vikavu, vilivyotiwa dawa mapema, hema hilo likaachwa na njia ya vileleni ikafunguka. Mwezi Machi 1882 Sella na waongozaji wake walikuwa watu wa kwanza kuuvuka mlima Matterhorn katika majira ya baridi.

Kamera ndogo zilikuwapo, lakini Sella alichagua kamera kubwa ya Dallmeyer, iliyotumia vioo vya sentimita 30 kwa 40. Kamera hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi, na kila kioo kilikaribia kilo moja. Sababu yake ilikuwa nzito kama mzigo wenyewe. Siku zile picha bora ilichapwa kwa kulaza kioo juu ya karatasi, nayo ikatoka kwa ukubwa uleule wa kioo. Mwenye kioo kidogo alipata picha ndogo, na humo nyufa za barafu na mikunjo ya mawe havikuonekana vizuri. Ili vioo visivunjike njiani, Sella alibuni mwenyewe matandiko ya wanyama na mifuko ya mgongoni ya kuvibebea.

Kwa vyombo hivyo alikwenda Kaukasi mwaka 1889, akarudi huko mwaka 1890 na 1896. Mwaka 1897 alifuatana na Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, hadi mlima Saint Elias huko Alaska, na mwaka 1899 akauzunguka mlima Kangchenjunga katika Himalaya. Katika safari hizo za mbali alikubali pia kamera iliyo ndogo zaidi, ya vioo vya sentimita 20 kwa 25. Alijifunza kupunguza uzito bila kupunguza ubora.

Mwezi Mei 1906 msafara wa Duke ulishuka Mombasa, ukapanda gari la moshi hadi Ziwa Viktoria, ukavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha ukaenda kwa miguu hadi Fort Portal na kulipanda bonde la Mubuku. Kambi kuu iliwekwa chini ya jabali la Bujongolo, penye urefu wa mita 3,800 hivi. Huko adui hakuwa uzito peke yake. Mvua, matope na ukungu vilitawala, na vilele vilijifunua kwa muda mfupi tu kisha vikajifunika. Ilimbidi Sella angojee kwa subira, kamera ikiwa tayari, mpaka wingu lipasuke. Tarehe 18 Juni Duke alifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109.

Hatuna budi kusema wazi kwamba vioo vile havikupanda mlima vyenyewe. Vilibebwa na wapagazi, nao Bakonjo, wenyeji wa milima hiyo, ndio waliozijua njia zake. Kilele kimoja kilipewa jina la Sella, na vingine vikapewa majina ya watawala wa Ulaya. Waliobeba mizigo hawatajwi picha zinaposifiwa. Haki yadai wakumbukwe nao.

Mwaka 1909 Sella aliipiga picha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Alipenda milima hata uzeeni, kwani mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 76, alijaribu tena kuupanda Matterhorn. Alifariki mjini Biella, na hazina ya picha zake imehifadhiwa huko.

Faida kubwa ya picha za Ruwenzori yeye mwenyewe hakuiona. Mwaka 1906 barafu ilikuwa juu ya milima sita ya safu hiyo, ikikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 7.5. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa imebaki juu ya milima mitatu tu, kama kilomita za mraba 1.5. Atakaye kuujua upotevu huo kwa macho huzishika picha za Sella na kulinganisha jabali kwa jabali, kwa sababu kioo kikubwa kilihifadhi kila ufa. Sella aliubeba mzigo ule kwa ajili ya uzuri wa milima. Wajukuu wameupokea kama ushahidi. Basi msafiri anayechagua kamera asiulize uzito tu, bali aulize pia ni kitu gani anataka kisisahauliwe.