PHIL KATZ, MFUNGASHAJI WA FAILI

Katika kurasa hizi umezoea kusoma maisha ya washairi na wapigania uhuru. Mara hii niruhusu nikuletee mtu wa aina nyingine kabisa, Mmarekani ambaye sidhani aliwahi hata kusikia kwamba kuna mahali paitwapo Makadara.

Nilikutana na jina lake kwa sababu ya hasara. Mlezi wa chama alinikabidhi flashi yenye majarida yetu ya zamani, akaniagiza niyafungashe vizuri ili watakaotufuata wayakute. Basi nikaenda nayo kwenye saiba moja kando ya Jogoo Road. Faili zote zikafunguka isipokuwa moja. Mwenzetu fulani aliyemaliza shule zamani, na wala simlaumu sana, alikuwa amelibana toleo zima, mashairi, insha na picha za safari, kwa programu ya majaribio iliyotumia muundo wake wa siri. Programu yenyewe haipatikani tena. Jamaa wa saiba akajaribu hii, akajaribu ile, wapi! Mpaka leo toleo hilo limo kwenye flashi lakini ni kama halimo.

Katika kuhangaika huko nikazifungua zile faili nyingine kwa Notepad, programu ya kuandikia maandishi matupu. Niliona fujo ya alama zisizosomeka, lakini kila faili iliyoishia na .zip ilianza kwa herufi mbili: PK. Nikajaribu hati ya kawaida ya Word, ile ya .docx. PK tena! Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta mwenye herufi hizo.

Phillip Walter Katz alizaliwa tarehe 3 Novemba 1962 mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Alisomea sayansi ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin cha mji huohuo, kisha akaajiriwa kama mtunga programu. Kazi ya kuajiriwa aliifanya, lakini moyo wake ulikuwa kwenye programu alizozitunga nyumbani.

Siku hizo intaneti haikuwa imefika majumbani. Watu walibadilishana faili kwa kuunganisha tarakilishi na laini ya simu kupitia modemu, na simu ni pesa. Faili ikibanwa mpaka nusu, gharama ya kuituma nayo inapungua nusu. Programu iliyotamba wakati huo iliitwa ARC, ya kampuni ya System Enhancement Associates, au SEA kwa kifupi, iliyotolewa mwaka 1985. Katz akatunga yake, PKARC, iliyofanya kazi ileile kwa kasi zaidi. Mwaka 1986 akaanzisha kampuni ya PKWARE nyumbani kwa mama yake.

Mwaka 1988 SEA wakampeleka mahakamani kwa kuvunja hakimiliki na kutumia jina lao la biashara. Jambo hili lilizua ubishi mkali chamani nilipolisimulia. Watumiaji wengi wa siku zile walimtetea Katz, wakimwona kijana mnyonge anayeonewa na kampuni kubwa. Mimi naona alikosea. Mtaalamu aliyelinganisha programu hizo mbili alikuta sehemu zilizonakiliwa, mpaka yale maelezo ya kando ambayo mtunga programu hujiandikia mwenyewe, pamoja na makosa yake ya tahajia. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha mbili zenye kosa moja anajua maana ya jambo hilo. Tena SEA haikuwa dubwana lolote, ilikuwa kampuni ndogo tu. Kesi iliisha kwa makubaliano: Katz akalipa zaidi ya dola 60,000 na kukubali kuachana na PKARC.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye akakaa chini akatunga muundo mpya, na mwaka 1989 akatoa PKZIP. Sasa sikiliza vizuri, maana watu wengi huchanganya mambo hapa. Programu ya PKZIP haikuwa ya bure hasa. Ulipewa uijaribu, ukiipenda ukatakiwa kutuma malipo. Kilichotolewa bure ni muundo wa faili. Katz aliandika wazi jinsi faili ya ZIP inavyopangwa ndani, akaruhusu mtu yeyote atunge programu ya kuifunga au kuifungua bila kumwomba ruhusa. Pengine yale ya mahakamani yalimfunza, sijui, lakini kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya maishani.

Mwaka 1993 toleo la pili la PKZIP lilikuja na mbinu iitwayo Deflate, ambayo ni tamu kuieleza kwa Kiswahili. Ukiandika maneno Chama cha Kiswahili mara ya kwanza, yanawekwa yalivyo. Ukiyarudia, hayaandikwi tena; panawekwa alama fupi inayosema rudi nyuma hatua kadhaa, chukua herufi kadhaa. Inaweza kurudi nyuma hatua 32,768. Wazo hilo lilitokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977. Kisha inakuja hila ya David Huffman ya mwaka 1952: herufi inayotokea mara nyingi inapewa alama fupi na ile adimu inapewa ndefu. Tazama sentensi yoyote ya lugha yetu uone ilivyojaa herufi a! Ndiyo maana insha zetu zilibanika vizuri sana, ilhali picha za JPEG hazikupungua kitu, kwa kuwa zilikwisha kubanwa na kamera.

Kwa kuwa mlango uliachwa wazi, wengine waliingia. Muundo wa ZIP ndio uliomo ndani ya hati za .docx, vitabu vya EPUB, na hata zile APK tunazorushiana kwenye simu za Android.

Pesa zilimjia Katz, amani haikuja. Pombe ilimshika, akawa na kesi za kuendesha gari akiwa amelewa, akajitenga na watu. Tarehe 14 Aprili 2000 alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli mjini Milwaukee, chupa tupu ya pombe ikiwa mkononi. Alikuwa na umri wa miaka 37. Niliposoma hayo nilifunga ukurasa, nikatoka nje kidogo. Sisi wa mitaa hii tunawajua watu wa namna hiyo, na wengine tunawaita mjomba.

Sasa turudi kwenye agizo la mlezi. Nililinganisha programu tatu. WinRAR inabana vizuri, lakini ni ya kulipiwa baada ya siku 40 za majaribio, na kufunga faili za RAR ni ruhusa ya wenyewe tu. 7-Zip, aliyoianzisha Igor Pavlov mwaka 1999, ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi. Ina muundo wake wa 7z, ambao ulibana majarida yetu zaidi ya ZIP. Ya tatu ni ile iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ambayo ni rahisi lakini haina mengi.

Nikachagua 7-Zip, ila nikaiambia ifunge kwa muundo wa ZIP na si 7z. Flashi ina nafasi tele. Ninachotaka ni kwamba kidato cha kwanza wa miaka 20 ijayo akute faili itakayofunguka kwenye mashine yoyote atakayokuwa nayo. Sikuweka neno la siri. Nakala moja iko kwa mlezi, ya pili kwenye kabati la maktaba, na lile toleo lisilofunguka nimeliweka kando yake vilevile. Kama kuna msomaji aliye na nakala yake ya karatasi nyumbani, tafadhali amwone katibu wa chama.