Abraham-Louis Breguet, fundi wa saa inayosomeka

Wanafunzi wenzangu, katika kurasa hizi tumezoea kusimuliana maisha ya washairi na watunzi wa riwaya. Leo nawaletea fundi wa saa. Namleta kwa sababu alijua jambo ambalo sisi watu wa lugha tunalitafuta kila siku: namna ya kufanya kitu kigumu kisomeke mara moja.

Abraham-Louis Breguet alizaliwa Neuchâtel, katika Uswisi ya leo, tarehe 10 Januari 1747. Baba yake alifariki mwaka 1758. Mama akaolewa tena na mwanaume wa jamaa ya mafundi saa, na ndivyo kijana alivyoingia katika kazi hiyo. Mwaka 1762 alipelekwa Ufaransa kujifunza ufundi huko Versailles. Alisoma pia hesabu katika Collège Mazarin, mjini Paris. Mwaka 1775 alioa na kufungua karakana yake Quai de l'Horloge, kando ya mto Seine. Mke wake Cécile alifariki mwaka 1780, akamwachia mtoto wa kiume, Antoine-Louis.

Wakati huo saa nyingi za matajiri zilikuwa nene na zimejaa mapambo. Mwenye saa alionyesha utajiri wake kwanza, halafu ndipo alipotafuta wakati. Breguet alishika njia nyingine. Alifanya saa nyembamba, inayoingia mfukoni bila kuvimbisha nguo. Mishale yake ilikuwa myembamba pia, ya chuma kilichogeuzwa buluu kwa moto, na karibu na ncha aliweka kiduara kitupu mfano wa mwezi, ili jicho liuone mshale haraka. Juu ya uso wa saa alichora kwa mashine mistari midogo sana inayokatana. Ukiitazama utadhani ni pambo tu, lakini mistari ile inapunguza mng'ao wa mwanga na kutenga sehemu moja ya uso na nyingine. Kwa wanunuzi wa dola ya Uturuki aliandika tarakimu walizozizoea wao. Kila alama ilikuwa na kazi yake kwa msomaji.

Mapinduzi ya Ufaransa yalimkuta akiwa fundi wa wakubwa, na hilo lingeweza kumtoa uhai. Inasimuliwa kwamba Jean-Paul Marat, mwanasiasa mkali aliyezaliwa karibu na Neuchâtel kama yeye, alimsaidia kupata ruhusa ya kuondoka. Mwaka 1793 alikimbilia Uswisi. Aliporudi Paris mwaka 1795, alikuja na mawazo mapya.

La kwanza lilikuwa saa rahisi kiasi, yenye mshale mmoja tu. Uso wake uligawanywa kwa dakika 5, na mnunuzi alilipa robo ya bei alipoagiza. Kwa fedha hizo karakana ilipata nguvu ya kufanya kazi. La pili lilihusu wezi wa jina lake, kwa maana saa bandia zenye jina Breguet zilikuwa zimeenea. Fundi hakuongeza ukubwa wa sahihi yake. Aliiandika ndogo mno karibu na tarakimu ya 12, ionekane pale tu unapoinamisha saa kwenye mwanga.

La tatu ndilo lililomletea sifa kubwa. Saa ya mfukoni husimama wima siku nzima, na uzito wa gurudumu linalopima mwendo wake, likiwa na kasoro hata ndogo, huifanya iende mbele au kubaki nyuma. Breguet aliliweka gurudumu hilo pamoja na sehemu zinazolisukuma ndani ya kizimba kinachozunguka bila kuacha, ili makosa ya upande huu yafidiwe na ya upande ule. Akakiita turbiyoni, yaani kimbunga, na akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1801. Baadaye heshima zilifuatana: mwaka 1816 aliingia Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Alifariki Paris tarehe 17 Septemba 1823.

Lakini kazi moja ilikuwa bado mezani. Mwaka 1783 karakana ilikuwa imepokea agizo la saa kwa ajili ya malkia Marie Antoinette, yenye kila ufundi uliojulikana, bila mpaka wa bei wala wa muda. Malkia aliuawa mwaka 1793. Saa ilimalizika mwaka 1827, bila yeye na bila Breguet, mikononi mwa karakana iliyoongozwa na mwanawe.

Wengi wanamkumbuka fundi huyu kwa saa hiyo ya malkia. Mimi ninaipenda zaidi ile ya mshale mmoja. Kuongeza sehemu juu ya sehemu ni kazi kubwa, sikatai. Ila mtu aliyeweza kutengeneza kimbunga ndani ya saa, kisha akakubali kumpa msomaji mshale mmoja tu kwa sababu ulimtosha, huyo alimheshimu msomaji. Tunapoandika kazi zetu za mwisho wa mwaka, tukijaza maneno mazito ili mwalimu aone tumesoma, tungefaa kujiuliza mishale mingapi inahitajika.