AL-BIRUNI: MWANACHUONI ALIYEULIZA KAMA KUNA ULIMWENGU MWINGINE

Bismillahi Rahmani Rahim



Sifa zote njema anastahili Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo kati yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Vijana wetu wanatuuliza mara nyingi swali moja. Shuleni wanafundishwa kwamba nyota ni majua ya mbali, na kwamba nyingi kati ya hizo zina sayari zake. Basi wanataka kujua: je, huko juu kuna viumbe wengine? Mzee mmoja atajibu kwa ukali kwamba kuuliza hivyo ni ukafiri. Kijana ananyamaza, lakini swali halijatoka moyoni mwake. Anakwenda nalo kwa watu wengine, na pengine siku nyingine msikitini haonekani tena. Kwa sababu hiyo, Ijumaa hii tumeona vema tuwasimulie maisha ya Mwislamu mmoja mkubwa aliyeuliza swali hilo hilo miaka elfu moja iliyopita, na akafa akiwa Mwislamu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni. Alizaliwa mwaka 362 wa Hijra, ndio mwaka 973 wa Miladi, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo sehemu yake iko Uzbekistan. Neno Biruni linatokana na lugha ya Kiajemi, maana yake ni mtu wa nje, yaani wa pembeni ya mji. Hakutoka katika ukoo wa kifalme. Lakini Mwenyezi Mungu alimpa mwalimu mwema, Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo uliotawala na mjuzi wa hesabu, akamfundisha tangu ujana wake.

Mwaka 997, alipokuwa na miaka 23, alifanya jambo la ajabu. Alijua kwamba mwezi utapatwa usiku mmoja wa mwezi wa tano. Akapatana na mwanachuoni wa Baghdad, Abul-Wafa, kila mmoja aangalie kupatwa huko akiwa katika mji wake na aandike saa yake. Walipolinganisha, waliona tofauti ya karibu saa moja. Kutokana na tofauti hiyo walijua umbali wa miji yao kutoka mashariki hadi magharibi. Hapakuwa na simu wala ndege. Palikuwa na Waislamu wawili wakiangalia mwezi mmoja kwa uaminifu.

Ndugu zetu, tukumbuke hapa ya Mtume wetu (S.A.W.). Alipofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba huo. Mtume (S.A.W.) hakuwaacha na fikira hiyo ijapokuwa ilikuwa inamtukuza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, na wakiona hivyo wasali. Al-Biruni alilelewa katika mafundisho haya: alama ya Mwenyezi Mungu husaliwa, na pia huangaliwa vizuri.

UMASKINI NA DHARAU

Mwaka 995 vita viliingia Khwarazm, ukoo wa mwalimu wake ukapoteza utawala, na Al-Biruni akakimbia. Aliishi kama mkimbizi katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, hana kitu. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba mtu mmoja wa elimu ya nyota alimdharau katika mjadala kwa sababu tu ya umaskini wake, ijapokuwa Al-Biruni alimzidi kwa elimu. Hali yake ilipokuwa nzuri, mtu yule yule akawa rafiki. Sisi wa hapa tunaojua maana ya kukimbia vita na kulala nyumba za watu, tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Lakini hakuacha kusoma. Karibu mwaka 1000 alimaliza kitabu kikubwa juu ya kalenda na miaka ya mataifa mbalimbali: Waajemi, Wayahudi, Wakristo, Waarabu na wengine.

SWALI LAKE KWA IBN SINA

Katika miaka hiyo aliandikiana barua na Ibn Sina, tabibu mashuhuri, ambaye wakati huo alikuwa kijana mdogo kuliko yeye. Al-Biruni alimtumia maswali 18 juu ya mafundisho ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ambaye watu wengi walichukua maneno yake kama hayawezi kukosewa. Maswali mengine yalikuwa ya vitu vya kila siku. Kwa nini barafu huelea juu ya maji? Kwa nini chombo kilichofungwa hupasuka maji yakigandishwa ndani yake? Kila mama aliyesahau chupa ya maji katika frigo anajua habari hiyo.

Swali moja lilikuwa kubwa zaidi. Aristotle alifundisha kwamba haiwezekani kuwe na ulimwengu mwingine nje ya huu wetu. Al-Biruni akauliza: kwa dalili gani? Kwa nini isiwezekane kuwepo ulimwengu mwingine, wenye tabia kama za huu au wenye tabia tofauti? Alitaja kwamba kutouona sisi si ushahidi kwamba haupo. Ibn Sina alijibu akimtetea Aristotle, na Al-Biruni hakutosheka, akarudisha hoja zake.

Tuangalie vizuri alichofanya. Hakusema kwamba ulimwengu mwingine upo, kwa maana hakuwa ameuona. Alichokataa ni mtu kumwekea mpaka Mwenyezi Mungu, akisema Mola anaweza kuumba huu tu na si mwingine. Huo ndio msimamo wa mwenye tawhidi. Baada yake, katika karne ya 12, mfasiri mkubwa wa Kurani, Imamu Fakhr ad-Din ar-Razi, aliyetoka Rayy, naye alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ana uwezo wa kuumba malimwengu maelfu kwa maelfu nje ya huu wetu.

Na Kurani yenyewe haikutufunga macho. Katika Suratul-Fatiha tunamtaja Mola kuwa wa walimwengu, kwa wingi. Katika Sura An-Nahl, aya ya 8, tunaambiwa kwamba huumba tusivyovijua. Katika Sura Ash-Shura, aya ya 29, viumbe vyenye kutembea vimetajwa kutawanywa katika mbingu na ardhi, na kwamba Yeye ni Muweza wa kuvikusanya atakapo. Wanavyuoni wamefasiri aya hii kwa njia mbalimbali, wengine wakiwataja malaika. Hatuitumii kutangaza habari za sayari fulani. Tunaitumia kujua kwamba swali la kijana wetu si tusi kwa dini.

MBELE YA SULTANI MAHMUD

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akamchukua Al-Biruni pamoja na mwalimu wake mpaka Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Mahmud alikuwa mfalme mwenye nguvu na mkali sana.

Inasimuliwa kwamba siku moja mjumbe kutoka nchi za mbali za Waturuki alieleza mbele ya Sultani kwamba kule karibu na ncha ya dunia kuna mahali ambapo jua huzunguka juu ya upeo bila kuzama, na usiku unakosekana. Mahmud alikasirika. Akaona haya ni maneno ya wazushi wanaotaka kuharibu dini, kwani Sala za Magharibi na Isha zitakuwaje? Katika baraza la mfalme huyo, kushukiwa uzushi lilikuwa jambo la kuogopesha. Al-Biruni alipoulizwa, alieleza kwa hesabu kwamba dunia ni mviringo na jua huenda kwa njia yake, hivyo mjumbe amesema kweli. Sultani akatulia.

Ndugu zetu, mtu mmoja alikaribia kuangamia kwa sababu alieleza alichokiona, na wengine hawakuwa wamekiona. Leo wanavyuoni wanatoa fatwa juu ya saa za Sala kwa Waislamu wa kaskazini ya Norwe, na hakuna anayewaita wazushi. Ujinga wetu ukivaa kanzu ya dini unaweza kumwaga damu.

KIPIMO CHA DUNIA NA NJIA YA KIBLA

Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, akasoma vitabu vya Wahindi, na karibu mwaka 1030 akaandika kitabu juu ya India, akieleza itikadi zao bila kuwasingizia. Akiwa katika ngome ya Nandana, ambayo leo iko Pakistan, alipanda mlima. Kwanza alipima urefu wake, kisha akapima ni kiasi gani upeo wa macho unashuka mtu akiwa juu. Kwa vipimo hivyo viwili akapata ukubwa wa dunia nzima, karibu sana na tunaoujua leo, kilomita zipatazo 6,371 kutoka katikati mpaka juu ya ardhi.

Mwaka 1025 alimaliza kitabu cha kupima mahali pa miji, na kusudi lake moja lilikuwa kupata sawasawa kibla cha Ghazna. Sisi wa mashariki ya Kongo tukisimama kuelekea kaskazini tukiinamia mashariki, tunafuata hesabu za watu kama hawa. Elimu ya nyota haikuingia msikitini kwa nguvu. Ilihitajiwa na safu ya Sala.

ZAWADI YA MFALME NA MAUTI

Mahmud alifariki mwaka 1030, na Mas'ud mwanawe akatawala. Al-Biruni alimwandikia kitabu kikubwa cha elimu ya nyota. Inasimuliwa kwamba mfalme alimtuma tembo aliyebeba fedha, na yeye akairudisha hazina, akisema hana haja nayo. Yule aliyedharauliwa Rayy kwa ufukara wake alikuwa amejua kwamba thamani ya mtu haiko mfukoni.

Aliandika vitabu zaidi ya 100. Alifariki Ghazna karibu mwaka 440 wa Hijra, 1048 wa Miladi, akiwa na miaka kama 75. Inasimuliwa kwamba faqihi mmoja alimtembelea akiwa anakata roho, na Al-Biruni akamwuliza juu ya hesabu moja ya mirathi. Faqihi alishangaa, akaona hii si saa ya masomo. Al-Biruni akamjibu kwamba ni bora aiache dunia akiijua mas'ala hiyo kuliko kuiacha akiwa hajui. Faqihi akamweleza, akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio kutoka nyumba ile.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tusimfukuze anayeuliza. Tangu mwaka 1995, walipogundua sayari inayozunguka nyota iliyo kama jua letu, wataalamu wamehesabu sayari za namna hiyo zaidi ya 5,000. Ni sehemu ndogo kabisa ya milki ya Mwenyezi Mungu. Mpaka leo hakuna kiumbe hai kilichothibitishwa huko.

Pili, tusikubali kila habari. Anayekuonyesha katika simu picha ya watu kutoka angani, mwulize kama Al-Biruni alivyouliza: kwa dalili gani? Swali hilo linamfaa anayekataa bila ujuzi na anayesadiki bila ujuzi.

Tatu, wakionekana viumbe huko siku moja, Mola wao ni Mola wetu. Wasipoonekana, ukubwa Wake haupungui. Imani yetu haitegemei darubini, na haiogopi darubini.

Mwezini, pembeni mwa upande ule usioonekana kutoka duniani, kuna shimo kubwa lililopewa jina la Al-Biruni. Wazazi, usiku wa leo mkitoka Sala ya Isha, waonyesheni watoto mbingu, na wakiuliza, wajibuni kwa upole. Msilolijua, semeni Allahu aalam, kisha mkalitafute pamoja nao.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, uwahifadhi vijana wetu katika dini, na uipe nchi yetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Tafadhali usisome karatasi hii imamu akiwa anahutubu. Ina jina la Mwenyezi Mungu, usiitupe chini. Ukimaliza, mpe jirani yako.)