William Coblentz, mtu aliyeipima miale isiyoonekana

Bidoni ya njano na chupa ya maji zote tunaziita plastiki, lakini si kitu kimoja. Maabara inaweza kuzitofautisha kwa dakika chache kwa kutumia miale ya infraredi, ile ya joto ambayo jicho halioni. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Mmarekani William Weber Coblentz, mtoto wa wakulima, aliyezaliwa Ohio mwaka 1873.

Alipomaliza udaktari wa fizikia katika chuo kikuu cha Cornell mwaka 1903, alibaki huko kufanya utafiti. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hiyo alitumia mche wa chumvi ya mwambani kuitawanya. Akaipitisha ndani ya dutu, akapima kiasi kilichomezwa, nukta moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha, na aliirudia kwa dutu zaidi ya 100.

Mwaka 1905 alichapisha matokeo. Aliona kwamba kundi moja la atomi huacha alama karibu mahali palepale, hata likiwa ndani ya molekuli tofauti. Kaboni iliyoshikana na haidrojeni humeza miale ya mikromita 3.4 hivi. Polietileni ya bidoni ni mnyororo mrefu wa atomi hizo. Ikiliwa na jua kwa muda mrefu, inajitokeza alama nyingine karibu na 5.8, ya kaboni na oksijeni: plastiki imeanza kuharibika.

Wanakemia wengi hawakuijali kazi hiyo kwa miaka mingi. Coblentz mwenyewe alihamia ofisi ya serikali ya vipimo, Washington, akapima hata joto la nyota.

Vita ndivyo vilibadilisha mambo. Mwaka 1942 Japani iliteka mashamba ya mpira ya Asia. Katika Kongo ya Wabelgiji, wanakijiji walilazimishwa tena kuingia msituni kutafuta mpira, jambo ambalo wazee wao walilijua vibaya. Marekani ilikimbilia mpira wa viwandani, na infraredi ikatumika kuchunguza malighafi yake. Mashine za kupimia zikaanza kuuzwa.

Coblentz alistaafu mwaka 1945. Mwaka 1954 wataalamu waliunda chama chenye jina lake, naye akiwa bado hai. Alifariki mwaka 1962.