Pier Paolo Pasolini: Miswada ya Filamu na Afrika Iliyobaki Kitabuni

Kijitabu chembamba cha mashairi kilichochapishwa mjini Bologna, Italia, mwaka wa 1942, kilisafiri hadi Kenya kikaishia mikononi mwa mfungwa wa vita. Mfungwa huyo alikuwa Carlo Alberto Pasolini, afisa katika jeshi la Mussolini, aliyetekwa na Waingereza mwaka wa 1941 wakati dola ya Italia katika Afrika Mashariki ilipoanguka. Maelfu ya Waitalia walioshikwa katika vita hivyo waliletwa Kenya na kutawanywa katika kambi za nyanda za juu, zikiwemo za Nanyuki, Eldoret na Londiani, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kericho. Kijitabu kiliitwa Poesie a Casarsa. Mtunzi wake, Pier Paolo, alikuwa na umri wa miaka 20, na alikuwa amekitabaruku kwa baba yake huyo mfungwa.

Tabaruku hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Mashairi yalitungwa kwa Kifriuli, lugha ya wakulima wa Casarsa, kijiji cha upande wa mama. Baba aliidharau lugha hiyo, na serikali ya Kifashisti, aliyoitumikia baba, haikutaka kuona lugha za vijijini zikiandikwa. Mhakiki mashuhuri Gianfranco Contini alipokisifu kitabu hicho, uhakiki wake ulilazimika kuchapishwa katika gazeti la Uswisi. Anayejua habari za kibao kilichovikwa shingoni mwa mtoto wa Kikipsigis aliyeteleza shuleni akasema lugha ya nyumbani hatahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mwana alimheshimu baba na kumwasi katika jalada moja.

Pier Paolo Pasolini alizaliwa Bologna tarehe 5 Machi 1922. Mama yake, Susanna Colussi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pasolini alisomea fasihi katika Chuo Kikuu cha Bologna, na vita vilipopamba moto akakimbilia Casarsa pamoja na mama yake, ambako wote wawili waliwafundisha watoto wa kijiji. Mwezi Februari 1945 alianzisha pale chuo kidogo cha lugha ya Kifriuli. Mwezi huohuo ndugu yake Guido, aliyekuwa msituni akipigana na Wafashisti, aliuawa na wapiganaji wengine wa upande uleule wa ukombozi. Baba alirejea kutoka Kenya akiwa amevunjika moyo, akazama katika ulevi. Mwaka wa 1949 Pasolini alishtakiwa kwa makosa ya kimaadili yaliyohusu vijana wa kiume. Alipoteza kazi ya ualimu na kufukuzwa kutoka Chama cha Kikomunisti. Mwezi Januari 1950 yeye na mama yake walipanda gari la moshi kwenda Roma, wakiwa hawana kitu.

Roma ilimpa lugha ya pili ya pembezoni. Katika vitongoji vya mabanda alijifunza msimbo wa vijana wasio na kazi, lugha ambayo kwa hadhi yake katika jamii inakaribiana na Sheng ya Nairobi. Riwaya yake Ragazzi di vita ya 1955 ilijengwa juu ya msimbo huo, hata ikabidi iambatishwe orodha ya maneno yaliyofafanuliwa ili msomaji wa kawaida afuate. Alishtakiwa kwa kuchapisha uchafu, kisha akaachiliwa. Kesi zilimwandama tangu hapo hadi mwisho wa maisha yake.

Aliingia katika sinema kwa mlango wa maandishi. Waelekezi wa Roma walimwajiri awasahihishie mazungumzo ya wahusika wa mitaani, naye akaona kwamba angeweza kuielekeza filamu mwenyewe. Mwaka wa 1961 ilitoka Accattone, filamu yake ya kwanza, na mwaka huohuo mswada wake ukachapishwa kama kitabu. Mamma Roma ikafuata mwaka wa 1962, nayo na kitabu chake. Baadaye vilitoka vitabu vya Il Vangelo secondo Matteo mwaka wa 1964, Uccellacci e uccellini mwaka wa 1966, Edipo re mwaka wa 1967 na Medea mwaka wa 1970. Teorema ya 1968 ilitoka mara mbili mwaka mmoja, kama riwaya na kama filamu, na si rahisi kuamua ipi ilikuwa kivuli cha nyingine.

Vitabu hivi havikuwa vikumbusho vya kuuzwa mlangoni pa ukumbi wa sinema. Mara nyingi kilichochapishwa ni mswada kama ulivyokuwa kabla ya kamera kuguswa, pamoja na maonyesho ambayo hatimaye hayakuingia katika filamu. Msomaji anayelinganisha kitabu na filamu huona mahali ambapo mwelekezi alibadili nia, ambapo mwigizaji alileta sura ambayo maneno hayakuitarajia, na ambapo kalamu iliona zaidi ya lenzi. Mwaka wa 1965 Pasolini alikwenda mbali zaidi. Katika mkusanyiko uitwao Alì dagli occhi azzurri aliichanganya miswada ya filamu na hadithi fupi bila kuitenga, kana kwamba zote ni tanzu za nasaba moja. Utenzi mmoja wa mkusanyiko huo unawaona watu wa Afrika wakivuka bahari kwa mashua na kutua kusini mwa Italia. Miongo kadhaa baadaye jambo hilo lilikuwa habari ya kila siku.

Katika mwaka huohuo wa 1965 alitoa insha ya nadharia kuhusu mswada wa filamu. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mswada ni umbo linalotamani kuwa umbo jingine. Neno lililoandikwa humo hubeba maana yake ya kawaida, na papo hapo humtaka msomaji aione picha ambayo bado haijakuwepo. Kwa hiyo msomaji wa mswada ana kazi kubwa kuliko msomaji wa riwaya, kwa kuwa anashiriki kuitengeneza filamu akilini mwake. Hoja hii yapaswa kumvutia mwanafunzi wa tamthilia ya Kiswahili. Katika vyuo vyetu, Kabianga ikiwemo, tamthilia nyingi husomwa, huchambuliwa na kutahiniwa na watu ambao hawajaziona jukwaani hata mara moja. Maelekezo ya jukwaani aghalabu hurukwa kama maganda. Kwa mtazamo wa Pasolini, anayeyaruka amesoma nusu ya matini.

Nguvu ya hoja hiyo huonekana hasa pale filamu ilipokosekana kabisa. Mwaka wa 1961, baada ya safari ya India pamoja na waandishi Alberto Moravia na Elsa Morante, Pasolini alifika Kenya, nchi iliyomfunga baba yake miaka 20 hivi iliyotangulia. Tanganyika ilikuwa inaukaribia uhuru wake, na Kongo ilikuwa katika machafuko yaliyofuata uhuru wa 1960. Kutokana na mazingira hayo aliandika mswada uitwao Il padre selvaggio, yaani Baba Mshenzi, jina linalomkera msomaji wa Kiafrika hata kabla ya kufungua ukurasa.

Mswada unasimulia habari za mwalimu kijana wa Kizungu anayefika katika shule ya nchi ya Kiafrika iliyopata uhuru juzi. Wanafunzi wamezoea elimu ya kikoloni ya kukariri, naye anataka wafikiri na watunge mashairi. Hodari kati yao ni Davidson, mtoto wa chifu. Likizo inafika, Davidson anarudi kwao, na huko anatumbukia katika mauaji ya wakati ule wa machafuko. Anaporejea shuleni si yule tena. Amenyamaza, amevurugika akili, na kinachomrudisha polepole ni shairi analolitunga mwenyewe.

Msomaji wa Kericho na Bomet anaitambua shule hiyo mara moja. Ni shule ya bweni milimani, yenye kengele na sare, ambako mtoto hufundishwa fasihi ya ng'ambo kisha hufunga sanduku wakati wa likizo na kurudi katika lugha nyingine na sheria nyingine. Kabianga imekuwa na shule ya namna hiyo tangu miaka ya 1920. Pengo kati ya darasa na nyumbani, ambalo waandishi wetu wamelieleza mara nyingi, Mwitalia huyu alilihisi kwa usahihi wa kushangaza. Alipokosea ni katika kuyajaza yale ya nyumbani. Nyumbani kwa Davidson kuna ngoma, damu na giza, lakini hakuna wazee wanaojadiliana wala kazi ya shambani, na lugha yenye ushairi wake yenyewe haisikiki. Mtu aliyeitetea lugha ya wakulima wa Casarsa dhidi ya dharau ya baba yake hakujiuliza Davidson alitunga kwa lugha gani kabla ya kufundishwa ushairi. Hilo ni pengo zito katika kitabu, na haifai kulifunika kwa sababu tu mwandishi alikuwa na nia njema.

Filamu hiyo haikupigwa. Mwezi Machi 1963 Pasolini alihukumiwa kifungo cha miezi minne, kilichoahirishwa, kwa madai kwamba filamu yake fupi La ricotta iliitukana dini ya taifa. Hukumu ilibatilishwa katika rufani mwaka uliofuata, lakini mradi wa Afrika ulikuwa umekwisha kufa. Alitunga shairi la kuulilia, na shairi hilo likaambatishwa kwenye mswada ulipotoka kama kitabu mwaka wa 1975. Davidson amebaki karatasini.

Hata hivyo Pasolini hakuiacha Afrika. Mwaka wa 1960 alikuwa ameitafsiri kwa Kiitalia Oresteia ya Aeschylus, tamthilia tatu za Kiyunani zinazosimulia jinsi kisasi cha damu kilivyogeuzwa kuwa mahakama. Aliona kwamba mataifa mapya ya Afrika yalikuwa katika mpito kama huo. Basi mwishoni mwa 1968 na mwanzoni mwa 1969 alikuja Uganda na Tanzania na kamera, akitafuta nyuso na mahali pa kuigizia hadithi hiyo. Kilichotokea ni Appunti per un'Orestiade africana, kazi aliyoikamilisha mwaka wa 1970, ambayo ni filamu ya madondoo kuhusu filamu isiyokuwepo. Ni mswada unaosomwa kwa sauti juu ya picha. Anawaonyesha watu wa Kigoma sokoni na ziwani, akijiuliza nani angefaa kuwa Agamemnoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anakipa nafasi ya hekalu la Apolo, na ngoma ya Wagogo inakuwa ishara ya miungu ya kisasi ikibadilika kuwa miungu ya neema. Miti mikubwa inayotikiswa na upepo nayo inaiwakilisha miungu hiyo kabla haijabadilika, na hapo jicho la mshairi linafanya kazi ambayo maelezo yasingeweza.

Lakini sehemu yenye thamani kuliko zote ni ile ambayo Pasolini hakuweza kuiandika mapema. Aliwakusanya wanafunzi wa Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Roma, akawaonyesha picha alizozipiga na kuwauliza maoni yao. Hawakumpa alichotaka. Walipinga kuichukulia Afrika kama nchi moja, wakatilia shaka neno kabila alivyolitumia, na wengine wakaona ulinganisho na Uyunani wa kale haukai. Pasolini anaonekana akijitetea, akirekebisha, pengine akitahayari. Aliyaacha mabishano hayo ndani ya filamu ingawa angeweza kuyakata. Katika Il padre selvaggio mwalimu alimfundisha Davidson; hapa akina Davidson wanamfundisha mwalimu.

Wakati huohuo Waswahili walikuwa wanawapokea Wayunani na Waingereza kwa masharti yao wenyewe. Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere ilitoka mwaka wa 1969, Pasolini akiwa bado na picha zake za Tanzania mezani. Mwaka wa 1971 Samuel Mushi alichapisha Mfalme Edipode, tafsiri ya tamthilia ya Sofokle ambayo Pasolini alikuwa ameigeuza filamu mwaka wa 1967, akapigia sehemu yake kubwa nchini Moroko. Kuisoma Mfalme Edipode bega kwa bega na kitabu cha Edipo re ni zoezi zuri la fasihi linganishi: Mushi anamleta mfalme katika Kiswahili na kumwacha azungumze, ilhali Pasolini anampunguzia maneno na kumwachia jua, vumbi na ukimya.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya filamu nyingi na uchungu mwingi. Kwa ajili ya filamu ya hadithi za Alfu Lela Ulela, iliyotoka mwaka wa 1974, alipiga picha Yemeni, Uajemi, Nepali, Ethiopia na Eritrea. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1975 aliuawa kikatili huko Ostia, karibu na Roma. Kijana wa miaka 17 alipatikana na hatia, lakini mwaka wa 2005 aliyakana maungamo yake ya awali, na mjadala kuhusu nani hasa waliomuua haujafungwa.

Mwaka wa 1977 kilichapishwa San Paolo, mswada mwingine ambao haukupata kuwa filamu. Humo Mtume Paulo anahubiri katika karne ya 20, Paris ikichukua mahali pa Yerusalemu na New York mahali pa Roma. Pasolini alizikwa Casarsa, miongoni mwa wasemaji wa Kifriuli, na mwaka wa 1981 mama yake akazikwa kando yake.