George Grenfell na meli yake Peace

Wengi wetu tumewaona marubani wa ndege ndogo za misheni kwenye viwanja vya majani. Kabla ya kuruka, rubani huizunguka ndege yake, huyagusa mabawa, huisikiliza injini kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto. Kwake ndege hiyo si chuma tu. Hapa Tshopo, mapenzi ya namna hii yalionekana kabla ndege haijajulikana. Yalionekana kwenye mto wetu, kati ya mtumishi wa Mungu George Grenfell na meli yake ndogo ya mvuke iliyoitwa Peace, yaani Amani.

Grenfell alizaliwa mwaka 1849 huko Cornwall, Uingereza. Alikulia Birmingham, akafanya kazi kwa wauzaji wa vyuma na mashine. Mwaka 1875 Wabaptisti walimtuma Kameruni, na mwaka 1878 akaja Kongo. Robert Arthington, tajiri wa Leeds, alitoa fedha ili misheni ipate meli ya kupeleka Injili mbali ndani ya nchi. Ilijengwa mwaka 1882, ikajaribiwa kwenye mto Thames, kisha ikafunguliwa vipande vipande. Urefu wake ulikuwa kama mita 21, nayo iliweza kupita hata penye maji machache.

Kwa sababu ya maporomoko yaliyo kati ya Matadi na Kinshasa ya leo, wapagazi walibeba meli nzima kwa miguu, mizigo kama 800. Mafundi waliotumwa kuiunganisha walikufa. Grenfell, ambaye hakuwa fundi wa meli, aliomba, akashika nyundo, akaiunganisha mwenyewe pamoja na wasaidizi wake Waafrika. Mwezi wa Juni 1884 Peace ilielea. Hatushangai kwamba aliipenda: kila msumari aliujua.

Mwezi wa Desemba mwaka huohuo alifika nayo Stanley Falls, yaani Kisangani yetu. Njiani aliona vijiji vilivyochomwa na wakamataji wa watumwa. Aliingia mito ya Aruwimi, Lomami na Ubangi, akachora ramani. Mke wake Rose, mwenye asili ya Jamaika, na binti yao mdogo walisafiri pia ndani ya meli hiyo. Ilikuwa kazi yake, na pia nyumba yake.

Lakini mwenye chombo kizuri hakosi wa kukitamani. Mwaka 1887 Stanley alikuja kuitaka meli kwa safari yake ya kumtafuta Emin Pasha. Misheni iliitoa bila kupenda. Mwaka 1890 Dola Huru la Kongo liliichukua kwa nguvu. Grenfell aliumia sana moyoni, akapinga mpaka ikarudishwa.

Hapa historia inatuuliza swali gumu. Mfalme Leopold alipounda Tume ya Kuwalinda Wenyeji mwaka 1896, Grenfell alikubali kuwa katibu wake. Watu waliteswa kwa ajili ya mpira, na yeye alichelewa kuamini kwamba Dola lenyewe lilikuwa na hatia. Alipoamini, alijitoa. Hatumhukumu, kwa maana alikuwa mtu mwema, na alifanya kazi kwa ruhusa ya Dola hilohilo. Lakini ni rahisi kusikia uchungu wa chombo chetu kilichonyang'anywa kuliko kilio cha jirani aliye msituni.

Hata hivyo, Peace ilibeba kitu bora kuliko chuma. Disasi Makulo, mtoto wa huku kwetu, alikamatwa na watu wa Tippu Tip, akakombolewa na Stanley mwaka 1883, na baadaye akaja mikononi mwa Grenfell. Alisafiri naye, akaamini, akabatizwa, akawa mhubiri wa watu wake. Grenfell alipougua homa alipokuwa akianzisha kituo cha Yalemba, alipelekwa Basoko, akafa huko tarehe 1 Julai 1906, akiwa na wanafunzi wake Wakongo kando yake. Disasi aliendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 1941.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu hazina iliyo katika vyombo vya udongo. Kwa Kiswahili chetu, meli nayo ni chombo. Makanisa yetu leo yana pikipiki, mitumbwi ya mota, jenereta, na mengine hutumia ndege. Tuvitunze kwa upendo, kama Grenfell alivyofanya, kwa maana asiyetunza chombo hatafika safari yake. Lakini kila mwisho wa mwaka tunapohesabu mali za parokia, tuwahesabu kwanza watu waliofikishwa. Meli ya Grenfell haipo tena mtoni. Waumini wa Yalemba na Yakusu wapo, nao bado wanaimba.