Edwin Booth na Wazimu wa Hamlet

Je, Hamlet ni mwendawazimu, au anajisingizia? Wahakiki wa tanzia ya Shakespeare hawajalimaliza swali hili. Edwin Booth, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa Maryland mwaka 1833, alilikuta nyumbani kabla ya kulikuta jukwaani. Babake, Junius Brutus Booth, alikuwa mwigizaji stadi wa tanzia, mlevi, na mtu aliyepatwa na vipindi vya wazimu wa kweli. Ajabu ni kwamba aliitwa kwa jina la Mroma wa kale anayesimuliwa kuwa alijitia uzuzu ili mfalme asimuue! Edwin, angali mtoto, alifuatana naye mji hadi mji, akimchunga na kumzuia asinywe. Mzee alifariki mwaka 1852.

Kuanzia Novemba 1864 hadi Machi 1865, Edwin aliigiza Hamlet jijini New York mara 100. Majuma machache baadaye, tarehe 14 Aprili, nduguye John Wilkes alimpiga Rais Lincoln risasi. Edwin aliliacha jukwaa kwa aibu. Aliporejea Januari 1866, alirejea kama Hamlet, na hadhira ikamshangilia.

Hamlet wake alisifika kwa utulivu na huzuni, si kwa kupayuka. Wapo watakaouona utulivu huo kuwa mtindo tu. Lakini Edwin alikuwa amekesha na mgonjwa halisi, akajua sura yake.

Mkewe wa pili naye alirukwa na akili, akafariki mwaka 1881. Mara ya mwisho Booth alipoigiza, Brooklyn mwaka 1891, aliigiza Hamlet. Alifariki mwaka 1893.